Sarafu za kauri za Japani, 1945

Kufikia mwaka 1945 Japani ilikuwa imeshabadilisha metali ya sarafu zake ndogo mara kadhaa. Shaba ilipelekwa kwenye silaha, ikaja alumini. Alumini nayo ikatakiwa kwenye ndege, na mwaka 1944 zikatoka sarafu za bati na zinki. Bati lilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, na meli zilizidi kuzamishwa. Kilichobaki nyumbani kwa wingi ni udongo, na sarafu zikaamuliwa ziwe za kauri, yaani udongo uliochomwa.

Kazi ikaenda kwa wenye matanuri, katika miji ya ufinyanzi: Kyoto, Seto na Arita. Ziliandaliwa sarafu za sen 1, 5 na 10 (sen 100 ni yeni moja). Ya sen 1 ina rangi nyekundu ya hudhurungi, kipenyo cha milimita 15, uzito wa gramu 0.8 hivi, na Mlima Fuji upande mmoja.

Ugumu ulikuwa tanurini. Kipande cha metali hupigwa chapa kikiwa tayari na uzito wake kamili. Kauri ni kinyume: alama hugandamizwa udongo ungali mbichi, kisha huchomwa kwenye nyuzi 1,300 hivi, na humo hunywea. Udongo unaonywea kwa asilimia 12, kwa mfano, unataka kalibu ya milimita 17 ili utoke na 15. Maji yakizidi kidogo, au upande mmoja wa tanuri ukiwaka zaidi, sarafu mbili za kalibu moja hazilingani. Zikikaushwa haraka hupinda. Tena metali yenye kasoro huyeyushwa upya. Kauri iliyokwishachomwa hairudi kuwa udongo.

Zilitengenezwa takriban milioni 15 za sen 1, yaani kama tani 12 tu. Vita viliisha Agosti kabla hazijaingia sokoni, na nyingi zikapondwa. Zilizopona si chache kama ilivyodhaniwa: mwaka 2023 zaidi ya 500,000 zilikutwa ghalani Kyoto, zimo kwenye masanduku ya mbao. Anayeuziwa moja kwa bei ya kitu adimu akumbuke hilo.

Ukiwa nayo, ipime kwa mizani ya sonara, lakini usiikatae kwa tofauti ndogo. Sababu ni tanuri. Iweke mbali na sarafu za metali: metali ikisugua kauri isiyopakwa utando wa kioo huacha michirizi ya kijivu, na ukingo humeguka kwa kugongana tu.