Je, wajua? Katika P.T. mzuka haukufuati, unaubeba mgongoni

P.T. ni gemu ya video ya kutisha yenye korido moja, bafu moja na mwanamke mmoja mfu. Kwa nini inatisha kuliko gemu zilizojaa mazimwi na bunduki?

P.T. ilitolewa bure kwenye PlayStation 4 tarehe 12 Agosti 2014, kwa jina la studio ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, 7780s Studio. Kumbe kilikuwa kionjo cha Silent Hills, gemu ya kutisha iliyokuwa ikitengenezwa na mbunifu wa gemu Hideo Kojima na mwongozaji filamu Guillermo del Toro. Mwaka uliofuata kampuni ya Konami, wenye gemu hiyo, wakaufuta mradi, na mwishoni mwa Aprili 2015 kionjo kikaondolewa dukani. (Namba 7780 ni takribani eneo, kwa kilomita za mraba, la mkoa wa Shizuoka nchini Japani, jina ambalo herufi zake za Kijapani zinasomeka "kilima tulivu", yaani Silent Hill kwa Kiingereza. Mtu alikaa akaliwaza hilo.)

Mchezaji anaamka kwenye chumba cha zege, anafungua mlango, anaingia korido yenye kona moja kama herufi L. Saa inaonyesha 23:59. Redio inatangaza habari za baba aliyeua familia yake. Mlango wa mwisho wa korido unamrudisha mwanzo wa korido ileile. Hana silaha wala mbio: anatembea, na akibofya kijiti cha kulia cha pedi anavuta picha karibu. Basi.

Jibu la haraka, ambalo wengi wetu tulilitetea kwa miaka mitano, ni kwamba Lisa, huyo mwanamke, hutokea pale tu gemu ilipopangiwa kumtoa. Kati ya tokeo moja na jingine korido ni tupu, na vishindo vya nyuma ni sauti za kurekodiwa za kukutia hofu. Ukiogopa ukiwa peke yako, unajitisha mwenyewe.

Si kweli. Septemba 2019, Lance McDonald, mtundu wa kufungua gemu na kuchungulia ndani yake, aliilegeza kamera ili aweze kumtazama mchezaji kutoka nje. Aliyoyaona: tangu mchezaji anapookota tochi bafuni, umbo zima la Lisa hubandikwa nyuma yake na kwenda naye kila aendako. Hajifichi kabatini akisubiri zamu yake. Yupo pale, sentimita chache kutoka kisogoni.

Mfano wake ni mtoto wa mbeleko. Mama akigeuka ghafla amtazame, mtoto naye kageuka pamoja naye. Azunguke mara kumi, hatamwona. Kinachomjulisha kuwa yupo ni uzito, pumzi, na kivuli ukutani chenye vichwa viwili. Gemu haiwezi kukupa uzito, lakini kivuli imekupa. Vile vivuli ambavyo wachezaji walidai kuviona ukutani wakaambiwa macho yao yamechoka, vilikuwa vya Lisa. Na usivitafute kwenye mwanga wa tochi yako: Lisa yuko nyuma ya tochi, kwa hiyo kivuli lazima kitokane na taa za korido.

Tahadhari kidogo hapa. Ugunduzi huu unathibitisha mahali alipo. Hauthibitishi kwamba kila mkwaruzo unaousikia unatoka kwake.

Nusu ya pili ya jibu ni ule mzunguko. Umeme ukikatika nyumbani kwako, unafika jikoni bila kujikwaa kwa sababu miguu imekariri njia. Sasa mtu asogeze kigoda hatua moja: hicho kigoda kitakushtua kuliko nyumba ngeni nzima. P.T. inakukaririsha korido mara kadhaa, kisha inasogeza vigoda. Picha ukutani inabadilika, mlango wa bafu unaachwa wazi kidogo, taa inageuka nyekundu. Korido kumi tofauti zisingefanya hivyo, maana usingekuwa umekariri hata moja.

Fumbo la mwisho ndilo linalowakwamisha watu. Vipande vya picha iliyochanwa vimetawanywa, na kimoja kimefichwa kwenye skrini ya mipangilio, mahali ambapo hakuna anayetafuta. Baada ya hapo, njia iliyowafikisha wengi ni hii: subiri saa ipige usiku wa manane, tembea hatua kumi, simama kabisa hadi mtoto acheke. Pedi ikitetemeka, usiguse kitu. Kicheko cha tatu kikisikika, simu italia. Wapo wanaosisitiza lazima useme jina fulani kwenye maikrofoni. Wengine wamemaliza bila kuichomeka.

Mwenye P.T. kwenye PS4 yake asiifute, hata diski ikijaa. Duka halitamrudishia, na PS5 haiichezi.