Kapu la masika: anza na mboga isiyoweza kusubiri

Kila masika naulizwa swali moja na watu wanaopokea kapu la mboga la kila wiki kutoka mashamba ya miteremko ya Uluguru: nitazimalizaje zote kabla hazijaharibika? Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Morogoro, na ushauri wangu ni kupanga wiki kwa kufuata uimara wa mboga. Ile uipendayo sana inaweza kungoja zamu yake.

Mwezi wa Aprili kapu hujaa majani: mchicha, mnavu, matembele, majani ya maboga, kisamvu. Chini yake utakuta bamia, nyanya chungu na pengine boga zima. Jani likishachumwa huendelea kupumua na kupoteza maji, na vitamini C yake hupungua haraka. Kwa hiyo mchicha upike siku hiyohiyo. Mengine yaache bila kuosha, uyafunge kwa kitambaa chenye unyevu na kuyaweka mahali pa baridi. Ukifika wakati wa kupika, osha kwanza ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuosha, vitamini zinazoyeyuka kwenye maji unazimwaga na maji ya beseni.

Majani ya maboga wengi huyakimbia kwa sababu yanakwaruza mdomo. Kasoro hapo ni maandalizi. Vunja ncha ya kikonyo na uvute ngozi yake taratibu kuelekea kwenye jani. Nyuzi ndefu zitachunika pamoja na vinyweleo. Rudia kuzunguka kikonyo chote, kisha yafikiche majani kwa viganja ukiwa unayaosha. Yapike na kitunguu na nyanya, halafu mimina karanga zilizotwangwa na upunguze moto, maana karanga hushika chini upesi. Mafuta ya karanga yana kazi zaidi ya ladha: mwili huyahitaji ili kufyonza karotini ya majani na kuigeuza kuwa vitamini A. Ndiyo maana simshauri mtu ale mboga za majani zilizochemshwa kwa maji na chumvi tu.

Mnavu nao una uchungu ambao maziwa au karanga huupooza vizuri. Ondoa vitunda vyote vya kijani kabla ya kupika, kwani vikiwa vibichi vina sumu.

Kisamvu kinataka subira, na hapa naomba tusifanye mzaha. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali inayoweza kutoa sianidi. Ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya kinachoivunja linamarini, lakini viwili hivi vimetenganishwa mpaka jani lipondwe. Ukitwanga, vinakutana na sianidi inaachiliwa. Ukichemsha sufuria ikiwa wazi, inatoka na mvuke. Asidi ya sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo haikai kwenye maji yanayotokota. Ukitupia majani mazima kwenye maji ya moto, joto linakiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu kubwa ya sumu inabaki. Basi twanga hadi kilainike kabisa, chemsha bila kufunika mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo uweke tui. Mwenye blenda aitumie, lakini uchemshaji uwe uleule. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa kikagandishwa kwenye friza kinakusubiri hadi wiki ijayo, kwa hiyo kikitokea kwa wingi usiwe na wasiwasi.

Kwenye bamia watu hutia magadi ili ziive upesi na kubaki za kijani. Tia kidogo sana, au acha kabisa, kwa sababu magadi huharibu vitamini C na B1.

Boga liweke mwisho. Likiwa limekomaa, lina kikonyo chake na halina jeraha, hukaa wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa. Matembele nayo ukishayachuma majani, usitupe mashina: chomeka vipande kwenye udongo wenye unyevu, mvua hii hii itayaotesha.