Kwa Nini Mwethiopia Yuko Washington na Msudani Yuko Omaha

Swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na Wakenya na Watanzania wanaoishi Marekani, ni kwa nini Waethiopia wamejipanga vizuri kimaisha huku Wasudani wakionekana kubaki nyuma. Mara nyingi muulizaji huwa ameshajijibu: Mhabeshi ana damu ya biashara, Msudani kaharibiwa na vita na mgao wa kambini. Mimi ni mtafiti wa uhamiaji, na jamii hizi mbili nimezifuatilia kwa muda mrefu. Jibu hilo la damu linaniuma, kwa sababu si kweli, na kwa sababu wanaolieneza ni sisi majirani zao, ambao tulipaswa kuwajua vizuri kuliko wengine.

Tofauti ipo, sikatai. Ukizunguka Silver Spring au Alexandria, miji iliyo pembezoni mwa Washington, utakuta migahawa, maduka, ofisi za wahasibu na za mawakala wa bima zenye maandishi ya Kiamhari mlangoni. Ukienda Omaha, jimbo la Nebraska, mji unaotajwa kuwa na Wasudani Kusini wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, utawakuta wengi wao ni wapangaji, wanalipwa kwa saa, na walio na biashara zao wenyewe ni wachache. Ninachopinga ni sababu inayotolewa. Tazama mwaka waliofika, karatasi walizofika nazo na mji waliopelekwa. Mambo hayo matatu yanaeleza karibu kila kitu.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Waliozaliwa Ethiopia na kuhamia Marekani ni zaidi ya 200,000. Waliozaliwa Sudani na Sudani Kusini, hata ukiwajumlisha, hawafiki nusu ya idadi hiyo. Hesabu zenyewe zina mushkeli: kabla ya 1993 Mweritrea alihesabiwa kuwa Mwethiopia, na kabla ya Julai 2011 mzaliwa wa Juba na mzaliwa wa Khartoum waliandikwa nchi moja. Kwa hiyo takwimu za zamani za "Wasudani" zimechanganya watu wawili tofauti kabisa. Kuna Wasudani wa kaskazini, Waislamu wanaozungumza Kiarabu, ambao wengi wao walikuwa madaktari, wahandisi na wahadhiri waliokimbia baada ya Omar al-Bashir kupindua serikali Juni 1989, na baadaye wakaongezeka Wadarfur, watu wa magharibi mwa Sudani, waliokimbia vita iliyoanza huko 2003. Halafu kuna Wasudani Kusini, Wadinka na Wanuer hasa, waliofanywa wakimbizi na vita ya 1983 hadi 2005. Watu hawa wawili hawasali pamoja, hawaishi mtaa mmoja, na kwa miongo miwili mmoja alikuwa akimkimbia mwenzake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi njia za jamii hizi zilivyopishana. Baada ya Haile Selassie kupinduliwa Septemba 1974, na hasa wakati wa mauaji ya 1977 na 1978 yaliyoitwa Ugaidi Mwekundu, Waethiopia kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Sudani. Ni kutoka Khartoum na makambi ya mashariki ya Sudani ndipo wengi walichukuliwa kupelekwa Marekani, baada ya Rais Carter kutia saini Sheria ya Wakimbizi mwezi Machi 1980. Miaka michache baadaye watoto wa Sudani Kusini walitembea kwa miguu kuelekea upande wa pili, wakaingia makambi ya Itang na Pinyudo nchini Ethiopia. Mengistu, mtawala wa kijeshi wa Ethiopia, alipoanguka Mei 1991 wakafukuzwa huko kwa risasi, wengi wakazama mto Gilo, waliosalia wakarudi Sudani na kutembea tena hadi Kenya, ambako kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Kila jamii imewahi kuwa mgeni nyumbani kwa mwenzake. Anayesema mmoja kazoea msaada na mwingine hakuzoea hajui historia hii.

Sasa tazama kilichowapokea. Waethiopia hawakuanzia sifuri. Mapinduzi ya 1974 yaliwakuta wanafunzi wao wakiwa tayari vyuo vikuu vya Marekani, wakashindwa kurudi. Hao ndio waliowapokea wakimbizi wa miaka ya 1980. Walijua Kiingereza, walijua ofisi gani hutoa nini, na waliunda vyama. Mwaka 1983 huko Arlington, Virginia, ilianzishwa taasisi ya maendeleo ya jamii ya Waethiopia inayojulikana kwa kifupi kama ECDC. Baadaye ikawa miongoni mwa mashirika ya kitaifa yaliyopewa na serikali jukumu la kupokea wakimbizi wa mataifa yote, ikaanzisha na tawi la kuwakopesha wahamiaji mitaji midogo. Sijui jamii nyingine ya Kiafrika Marekani iliyojenga kitu cha namna hiyo mapema hivyo, na nawaheshimu mno kwa hilo.

Kisha kuna teksi, na hapa ningependa msomaji anifuate taratibu, maana watu husikia "madereva teksi wa Kihabeshi" wakadhani ni kazi duni tu. New York leseni za teksi zilikuwa na idadi maalum na ziliuzwa sokoni, hadi moja ikafika kama dola milioni moja muongo uliopita. Washington haikuwa na utaratibu huo. Mtu alifanya mtihani, akapata kibali, akatumia gari lake au la kukodi, akaanza. Hadi 2008 hata mita haikuwapo, nauli ilikadiriwa kwa kanda za mji. Kwa mgeni aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, kama ilivyo Ethiopia, hii ilikuwa njia ya kujiajiri bila mtaji mkubwa na bila bosi. Alipanga saa zake mwenyewe, akaendesha asubuhi na kusoma jioni. Akiba yake ilitoka kwenye *iqub*, ambayo ni upatu kama tunaoujua sisi: watu kumi au ishirini wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea zote. Fungu moja la iqub lilitosha kununua gari, la pili kulipia kodi ya chumba cha mgahawa.

Halafu ikaja bahati nasibu ya viza, iliyotokana na sheria ya 1990. Ethiopia imekuwa kwa miaka mingi kati ya nchi za Afrika zinazopata nafasi nyingi. Aliyeshinda bahati nasibu aliingia akiwa mkaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza, na kwa masharti ya viza hiyo ilibidi awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi ya ujuzi. Alikuwa na binamu Alexandria mwenye kitanda cha ziada. Hakuna ofisi iliyomchagulia mji.

Mafanikio haya nayo huongezwa chumvi. Nimekutana na wahandisi waliozeeka nyuma ya usukani, na wanawake wenye shahada wanaokusanya ada za maegesho ya magari. Wenye migahawa ya U Street, mtaa wa Washington, waliolifufua eneo hilo lilipokuwa limeachwa, wengi walisukumwa nje na kodi ya pango. Na teksi zilipoporomoshwa na programu za simu za kuita magari, familia nyingi zilipoteza kile walichokidhania ni kiinua mgongo chao. Hayo hayaonekani mtu anapokula injera, ile chapati ya Kihabeshi, Jumamosi usiku.

Wasudani Kusini walifikaje? Kundi lao linalojulikana zaidi ni vijana wapatao 3,800 waliotolewa Kakuma mwaka 2000 na 2001, wale walioitwa Vijana Waliopotea. Wasichana walikuwa 89 tu, kwa sababu kambini wasichana yatima waliingizwa ndani ya familia na majina yao hayakuorodheshwa kama watoto wasio na wazazi. Mpango ukasimama ghafla baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Vijana hao walitawanywa miji mingi kadiri mashirika yalivyopata nyumba za bei nafuu: Fargo, Sioux Falls, Nashville, Phoenix, Syracuse. Walio chini ya miaka 18 walipewa walezi. Wenye zaidi ya hapo waliwekwa wanne wanne kwenye nyumba ya kupanga, wakapewa msaada wa miezi michache, pamoja na deni la nauli ya ndege ambalo kila mkimbizi hulilipa kwa shirika la uhamiaji. Hapakuwa na mwanafunzi wa Kidinka aliyetangulia miaka ishirini, wala kaka mwenye mgahawa.

Hawakuwa wajinga wala wavivu. Wengi walifanya mitihani ya Kenya ya kumaliza shule ya msingi na sekondari, KCPE na KCSE, kule kambini, na ndiyo maana hadi leo ukisalimia kwa Kiswahili kwenye kanisa la Wasudani Kusini huko Nebraska utaitikiwa. Lopez Lomong, aliyetoka Kakuma akalelewa na familia jimbo la New York, ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing 2008. Lakini cheti cha Kakuma hakikufungua mlango wa ofisi, na kodi ya nyumba haikusubiri.

Kilichowavuta Omaha na miji ya jirani ni viwanda vya nyama. Kiwanda cha nyama hakiulizi Kiingereza wala cheti, na kinalipa mshahara tangu wiki ya kwanza. Habari ilienda kwa simu kutoka mji hadi mji, na watu waliotawanywa na mashirika wakajikusanya wenyewe. Kwa jicho la mchumi hilo lilikuwa uamuzi wa busara. Tatizo ni kwamba ndani ya kiwanda ngazi ya kupandia ni fupi sana. Unasimama kwenye baridi, unakata mkato uleule kwa saa nane, viganja vinakufa ganzi, na zamu inagongana na darasa la jioni. Unalipwa vya kutosha kuishi, hupati nafasi ya kujiandaa kuondoka. Aprili 2020, kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Sioux Falls kikawa mojawapo ya vitovu vikubwa vya korona nchini Marekani: wafanyakazi zaidi ya 1,200 waliambukizwa na wanne walifariki. Wengi wao walikuwa wahamiaji na wakimbizi.

Pesa inakwenda wapi? Kwa Mwethiopia, sehemu huzunguka kwenye iqub na kurudi kuwa biashara palepale. Kwa Msudani Kusini, sehemu kubwa huvuka bahari. Inalipa ada za wadogo zake wanaosoma Nairobi, Nakuru na Eldoret, inalipa hospitali, na inalipa mahari. Mahari ya Kidinka na Kinuer ni ng'ombe, makumi kwa makumi, na wazee wakisikia bwana harusi yuko Amerika idadi hupanda. Kwa hiyo kuna vijana wanaochinja ng'ombe Nebraska kwa mwaka mzima ili wanunue ng'ombe kwao Sudani Kusini, Bor au Bentiu. Wapo wanaoliona hilo kuwa upotevu. Mimi siwezi kusema hivyo. Mtu aliyekulia kambini bila wazazi anapolipa mahari kamili anarudishiwa ukoo wake, na hilo lina thamani kwake kuliko duka. Ila linapunguza mtaji, na lazima liingie kwenye hesabu ya anayelinganisha.

Wasudani wa kaskazini wana hadithi yao. Marekani iliiweka Sudani kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi mwaka 1993, na Novemba 1997 ikaweka vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi 2017. Jina la Sudani kwenye orodha ile halikuondolewa hadi Desemba 2020. Kwa miaka yote hiyo daktari Msudani aliyetaka kumtumia mama yake pesa Khartoum alihangaika, maana benki ziliogopa hata neno Sudani kwenye fomu, na pesa ikapita kwa hawala na mikononi mwa wasafiri. Hata hivyo jamii hizi zimeshika mizizi, Wadarfur huko Fort Wayne, Indiana, na wengine huko Iowa City, ambako Mazahir Salih alichaguliwa kuingia baraza la mji mwaka 2017. Wanawake wao nao wana *sanduk*, upatu uleule.

Kwa anayeendelea kuamini nadharia ya damu, namwonyesha Austin, Minnesota, mji mdogo unaoishi kwa kiwanda cha nyama. Novemba 2020 wakazi wake walimchagua Oballa Oballa kuwa diwani. Ni Mwanyuak kutoka Gambela, magharibi mwa Ethiopia, kabila lililogawanywa na mpaka wa Sudani Kusini. Aliishi ukimbizini Kenya kabla ya kufika Marekani mwaka 2013. Kwa kuzaliwa ni Mwethiopia, lakini njia aliyopita ni ile ya Msudani Kusini: kambi ya Kenya, kisha mji wa nyama. Wanyuak wa Austin hawafanani na Waamhara wa Alexandria kimapato, wanafanana na Wanuer wa Omaha. Waoromo wa Minneapolis, kabila jingine la Ethiopia, nao wako mahali pao kati ya hao wawili.

Na mwaka 2025 masharti yaliendelea kutofautiana. Aprili serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudani Kusini. Juni mwaka huohuo Sudani ikawekwa kati ya nchi 12 ambazo raia wake walizuiwa kuingia, wakati vita iliyoanza Khartoum Aprili 2023 ilikuwa ikiendelea. Ethiopia haikuwamo. Mwezi huo Mhabeshi wa Silver Spring aliweza bado kumngoja mdogo wake aliyeshinda bahati nasibu. Msudani wa Iowa City, mwenye mdogo wake aliyekwama Port Sudan au Cairo na ushindi uleule mkononi, hakuweza.