Kushtakiwa kama mtu mzima: maana yake nini?

Kijana akishikwa kwa kosa la damu, barazani hapa Malindi hukosi kusikia: "Aliyoyafanya ni ya mtu mzima, basi na ahukumiwe kama mtu mzima." Ni maneno mazito, na Marekani yana maana yake maalumu.

Huko, mtoto anayeshtakiwa kwa kawaida hupelekwa mahakama ya watoto. Ya kwanza ilianza Chicago mwaka 1899. Kosa likiwa zito, kama mauaji, kesi yaweza kuhamishiwa mahakama ya wakubwa, na akipatikana na hatia apewe adhabu za wakubwa. Kwengine huamua jaji, kwengine mwendesha mashtaka, na pengine sheria yenyewe imeshataja kosa na umri. Jaji hupima pia ukomavu wa kijana, maisha ya kwao, na kama bado anarekebishika. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iamue kesi ya kijana aitwaye Kent mwaka 1966, pale anapoamua jaji, lazima kijana asikilizwe kwanza, akiwa na wakili, na jaji aeleze sababu zake.

Kenya haina uhamisho wa aina hiyo. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai, na wa chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajapambanua jema na baya mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Kinachotatiza watu ni kwamba kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu hata mshtakiwa akiwa na miaka 16. Lakini hata huko yeye ni mtoto: sheria inakataza ahukumiwe kifo au kifungo cha jela, na kifungu cha 53 cha Katiba kinataka, akizuiliwa, atengwe na watu wazima.

Hofu yangu iko kwenye umri, maana haki zote hizi zimetundikwa hapo. Kijana aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, hana cheti, na ndevu zimeanza kuota, ni rahisi kuandikwa miaka 19 kituoni. Mzazi, tafuta kadi ya kliniki, karatasi za shule, chochote chenye tarehe. Ukikosa, iombe mahakama iagize daktari ampime umri. Hutazama meno na mifupa. Liseme siku ile ile anaposomewa mashtaka, kabla hajalala rumande pamoja na wanaume wazima.