Kisu cha Skyrim si silaha dhaifu: dhana potofu na ukweli

Malalamiko ya wachezaji wa gemu ya Skyrim ni yale yale. Mchezaji anafungua orodha ya silaha, anaona Daedric Dagger (kisu) ina nguvu ya 11 na Daedric Sword (upanga) ina 14, kisu anakiuza palepale. Wiki ijayo anasema kunyatia katika Skyrim ni kupoteza muda. Gemu hii imetoka mwaka 2011 na bado watu wanaicheza kwa kuangalia namba hiyo moja.

Dhana: kisu ni dhaifu kwa sababu namba yake ni ndogo.

Namba ile ni ya pigo moja la kawaida. Haikuonyeshi kasi, wala haikuonyeshi kinachotokea adui akiwa hajakuona.

Tuanze na kasi. Kisu kina 1.3, upanga 1.0. Zidisha 11 kwa 1.3 upate 14.3, na hapo upanga wa 14 umeshapitwa. Ukienda kwenye jiwe la kunolea, nyongeza unayopata ni ile ile kwa silaha zote mbili. Tuseme kila moja imeongezeka 10: kisu kinakuwa 21, upanga 24, na ukitia kasi ni 27.3 dhidi ya 24. Kila unaponoa zaidi, kisu kinauacha upanga nyuma zaidi.

Halafu kuna kunyatia, na hapa ndipo watu wanapojinyima. Bila perki yoyote (uwezo wa ziada unaoununua kwa pointi), pigo la kuvizia la silaha ya mkono mmoja huzidishwa mara 3, la mikono miwili mara 2. Perki ya Backstab, ujuzi wako wa kunyatia (Sneak) ukifika 30, inaupandisha mkono mmoja hadi mara 6. Assassin's Blade, kwa Sneak 50, inakihusu kisu peke yake: mara 15. Chukua namba za msingi upige hesabu mwenyewe. Daedric Greatsword ya 24, panga kubwa la mikono miwili, inatoa 48. Upanga wa Daedric unatoa 84. Kisu cha Daedric kinatoa 165. Hata Iron Dagger ya 4, ile unayoiokota kwa majambazi saa ya kwanza ya gemu, inatoa 60 na kulipita hilo panga kubwa. Ukivaa Shrouded Gloves, glavu ambazo Astrid hukupa pamoja na vazi zima ukijiunga na Dark Brotherhood, kundi lake la wauaji, ile 165 inakuwa 330.

Kinachowakwamisha ni pointi. Njia ya perki za Sneak ni Stealth, Backstab, Deadly Aim, kisha Assassin's Blade. Wengi wanafika Backstab, wanaona Deadly Aim ni ya upinde, wanaikwepa na kuhamishia pointi zao One-Handed, ujuzi wa silaha za mkono mmoja. Assassin's Blade haifunguki bila Deadly Aim! Ilipie. Wengine wanamaliza ngazi zote tano za Stealth kwanza, na huo ni upotevu, kwa kuwa ngazi moja inatosha kufungua njia. Ushauri wangu haubadiliki: pointi hizo nne zitangulie, hata kabla ya ngazi ya pili ya Armsman, perki ya One-Handed.

Dhana: lazima umchome mgongoni.

Jina Backstab limewapotosha wengi. Gemu haijali umemgusa wapi, inajali kama amekuona. Jicho la katikati ya skrini likiwa limefumba, hata ukimchoma kifuani ni pigo la kuvizia. Nyuma ya adui ni mahali pazuri kwa sababu tu haoni huko.

Dhana: uchawi wa moto au sumu kwenye kisu nao huzidishwa mara 15.

Hauzidishwi. Kinachozidishwa ni nguvu ya silaha yenyewe, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye kunoa kwanza.

Dhana: perki ya Bladesman inasaidia visu.

Ni ya panga tu. Armsman ndiyo inayogusa silaha zote za mkono mmoja.

Dhana: kisu cha Mehrunes' Razor kinaua papo hapo.

Uwezekano ni 1.98%, yaani kama pigo 1 kati ya 50. Itumie kwa sababu ni kisu cha 11 kinachofaa kunyatia. Usipange vita kwa kuitegemea bahati hiyo.

Dhana: tengeneza Iron Dagger mia upandishe Smithing (ujuzi wa uhunzi).

Ilikuwa kweli hadi sasisho 1.5 la mwaka 2012. Tangu hapo unachojifunza kinafuata thamani ya kitu ulichotengeneza. Dwarven Bow, kwa vipande viwili vya metali ya Dwarven na kimoja cha chuma, inapandisha haraka zaidi.

Dhana: basi kisu kinatosha kila mahali.

Hapana. Urefu wake ni 0.7 dhidi ya 1.0 ya upanga, kwa hiyo ukishaonekana lazima umsogelee adui sana, na jitu lenye rungu litakufikia kabla hujaligusa. Kwa majitu na mazimwi beba upinde. Deadly Aim umeshailipia, na pigo lake la kuvizia ni mara 3.