Gobore la kwanza: mifereji inayozunguka upesi si bora kila mara

Huko Marekani, ambako watu bado huwinda na kulenga shabaha kwa magobore ya mtindo wa kale, anayeanza huambiwa atafute mtutu ambao mifereji yake, yaani mikato ya ndani inayoizungusha risasi, inazunguka upesi, eti risasi itanyooka zaidi. Kwa risasi ndefu ni kweli. Kwa risasi ya duara, hapana.

Risasi ya duara haishiki mifereji yenyewe. Hufungwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na kitambaa ndicho kinachoshika. Mtutu wenye tundu la inchi 0.50 hupewa risasi ya inchi 0.490, ili kitambaa kipate nafasi. Mifereji ikizunguka upesi na baruti ikazidi, kitambaa huteleza au huchanika, na shabaha huharibika. Ndiyo maana mifereji ya mitutu mingi ya risasi ya duara huzunguka mara moja kwa kila inchi 60 au 66 za mtutu. Ya risasi ndefu, inchi 28 hivi. Hawken nyingi, magobore ya kale yaliyotengenezwa St. Louis, Marekani, zilizunguka mara moja kwa inchi 48, na kwa anayeanza naona inatosha kabisa.

Ukishapiga, okota kitambaa majanini. Kikiwa kizima, na duara jeusi katikati, uko sawa. Kikiwa matambara, punguza baruti au ongeza unene wa kitambaa.

Gumegume (linalowasha baruti kwa cheche za jiwe) au fataki (linalowasha kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa) ni hiari yako, ingawa fataki haisumbui sana. Baruti tu ndiyo haina hiari: nyeusi, au mbadala uliotengenezewa magobore. Ile isiyo na moshi hupasua mtutu.