Kura milioni tatu zilizobaki nyumbani

Tarehe 31 Oktoba 2010, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, nilikuwa karani mwongozaji wapiga kura katika shule moja ya msingi huku Bara. Kazi yangu ilikuwa kupanga foleni na kuwasaidia watu kutafuta majina yao kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Ilipofika saa 4 asubuhi sikuwa na foleni ya kupanga. Tulikaa mpaka saa 10 jioni mtu mmoja mmoja akija, mawakala wa vyama wakisinzia kwenye madawati, na kura zilipohesabiwa hazikufika nusu ya majina yaliyokuwa ukutani.

Nilidhani ni kituo chetu tu. Tarehe 5 Novemba, Jaji Lewis Makame, Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, alipotangaza matokeo ya urais, nikajua ilikuwa hivyo nchi nzima. Walioandikishwa walikuwa 20,137,303. Waliopiga kura, 8,626,283. Hiyo ni asilimia 42.8, ilhali mwaka 2005 walijitokeza asilimia 72.

Siku zile kila mtu alikuwa na maelezo yake. Chama cha upinzani cha CHADEMA kilikataa matokeo, na Rais Kikwete alipokwenda kulihutubia Bunge Novemba hiyo wabunge wake walitoka nje. Mtaani mjadala ulikuwa mwingine: hao milioni 11 na nusu wako wapi? Jibu lililosikika zaidi lilikuwa kwamba daftari la wapiga kura limejaa marehemu na waliohama. Wengine walisema watu walijiandikisha ili wapate kadi tu, maana wakati huo vitambulisho vya taifa havikuwapo, na kadi ya mpiga kura ndiyo uliyoonyesha benki au ulipokwenda kusajili laini ya simu. Na wapo waliosema ni uvivu.

Nafanya kazi ya takwimu za uchaguzi, na nimezirudia namba hizi mara nyingi kuliko za uchaguzi mwingine wowote. Hoja ya daftari ina ukweli. Marehemu haondoki kwenye daftari mpaka mtu aende kutoa taarifa, na katika familia zetu nani anatoka msibani akakumbuka kwenda kwa mwandikishaji? Aliyejiandikisha Mwanza akahamia Mbeya bila kuhamisha taarifa zake, kura yake imebaki Mwanza. Mwaka huo vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya uchaguzi, hivyo mwanafunzi aliyejiandikisha chuoni akawa yuko kwao siku ya kupiga kura. Jambo hilo liliniuma wakati ule na linaniuma hadi leo, kwa sababu wengi wao ilikuwa kura yao ya kwanza.

Lakini jaribu hesabu hii ndogo. Mwaka 2005 daftari lilikuwa na watu 16,401,694, na waliopiga kura walikuwa 11,875,927. Chukua hao hao wa 2005, uwagawe kwa daftari lililovimba la 2010. Unapata asilimia 59. Yaani hata tukikubali kwamba majina yote yaliyoongezeka kwa miaka mitano yalikuwa hewa, jambo ambalo si kweli kwa sababu kila mwaka vijana wanatimiza miaka 18, daftari linatushusha kutoka 72 hadi 59 tu. Kutoka 59 hadi 42.8 ni watu halisi waliokuja 2005 na safari hii hawakuja. Asilimia ukiiangalia peke yake inakuficha hilo. Ndiyo maana mimi huanza na idadi ya kura: zilipungua 3,249,644. Mwaka 2000, daftari likiwa na watu milioni 10 tu, zilipigwa kura milioni 8.5. Miaka kumi baadaye daftari limekuwa mara mbili, kura ni karibu zile zile.

Ni kina nani basi hawakuja? Kura ni siri, hakuna anayeweza kumtaja mtu mmoja mmoja, lakini matokeo yenyewe yanaelekeza kidole. Kikwete alipata kura 9,123,952 mwaka 2005. Mwaka 2010 alipata 5,276,827. Zimepungua 3,847,125. Je, zilikwenda upinzani? Dk. Slaa, mgombea wa CHADEMA, alipata 2,271,941 na watu wakashangilia au wakashtuka, kila mmoja kwa upande wake. Ila ukijumlisha wagombea wote wasio wa CCM, 2005 walipata kama milioni 2.24, na 2010 milioni 3.12. Wameongeza kura 880,000 hivi. Hata zote zingekuwa zimetoka kwa Kikwete, bado karibu kura milioni tatu hazionekani kwa mgombea yeyote.

Kwa maoni yangu, hawa walikuwa wana CCM au watu waliozoea kuipa CCM. Walikuwa wamepewa matumaini makubwa mno na kaulimbiu ya Kikwete ya 2005, "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya", kisha wakasikia habari za wizi wa fedha za akaunti ya EPA Benki Kuu, wakaona sakata la mkataba wa umeme wa Richmond likimng'oa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Walikuwa wamekasirika, ila si kiasi cha kuvuka kwenda upande wa pili. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na kadi ya chama tangu enzi za TANU. Siku ile alishinda uani akichambua mchele, na nilipompitia jioni na wino mkavu kidoleni alinikaribisha chai, wala hakuniuliza nani anaongoza.

Wanaosema uvivu nawaomba waitazame Zanzibar. Siku hiyo hiyo, jua lile lile, walijitokeza karibu tisa katika kila kumi. Maridhiano ya Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF yalikuwa yametulia, kura ya maoni ya Julai ilikuwa imekubali serikali ya umoja wa kitaifa, na kila mtu alijua kura yake inaweza kuamua. Dk. Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif kwa kura 3,471.

Bara ilibidi wasubiri miaka mitano. Mwaka 2015 daftari liliandikwa upya kwa mashine za BVR zinazochukua alama za vidole, Lowassa akawa amehamia upinzani, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa mshindi. Zilipigwa kura 15,589,639, karibu milioni saba zaidi ya 2010. Safari hiyo sikuwa karani, nilikuwa mpiga kura. Nilifika kituoni saa 12 na nusu alfajiri nikakuta foleni imeshazunguka darasa, na yule mama, ameketi juu ya kigoda alichokuja nacho, alikuwa wa nne kutoka mlangoni.